Studio ya Filamu Chuoni: Jengeni Ukimya Kwanza

Maswali ya wasomaji na majibu ya Mshauri wetu wa sauti na picha

Toleo hili lina barua tatu, zote kutoka kando ya Ziwa Victoria na zote zikihusu jambo moja. Ya kwanza ni ndefu na nimeijibu kwa urefu, kwa sababu mwandishi wake bado ana nafasi ya kubadili mchoro kabla fundi hajachimba msingi, na nafasi hiyo ikipita hairudi.

SWALI

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa utayarishaji wa filamu na vipindi katika chuo kilicho upande wa kusini wa jiji la Mwanza, si mbali na barabara kuu ya kwenda Shinyanga. Uongozi wa chuo umetupatia ghala la zamani ili tuligeuze kuwa studio ya wanafunzi. Ghala lina urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, kuta za matofali ya sementi ya inchi 6 zenye kimo cha mita 3.2, kenchi za mbao, na mabati bila dari. Nyuma yake kuna uwanja mtupu unaopanda hadi kwenye miamba. Kamati ya ujenzi, ambayo mimi ni katibu wake, imekwisha kuchora ukumbi wa kupigia picha upande wa ziwani wenye madirisha makubwa ya vioo, chumba cha uhariri cha wanafunzi 20, viyoyozi 4 vya ukutani, na jenereta nyuma ya ukuta wa mashariki. Zaidi ya theluthi mbili ya fedha zimetengwa kwa kamera na taa. Wajumbe wenzangu wameridhika. Mimi nina wasiwasi, lakini sina maneno ya kitaalamu ya kuutetea mbele yao. Tuanzie wapi?

Mwalimu, Mkolani

JIBU

Mwalimu, nakushukuru kwa vipimo ulivyotuletea, kwa maana barua nyingi za aina hii hunifikia bila hata futi moja iliyopimwa. Wasiwasi wako una msingi. Kamati imechora mahali pazuri pa kuonea, wakati studio ni mahali pa kusikilizia kabla ya jambo lingine lolote. Picha iliyopigwa katika mwanga usiotosha huweza kuokolewa kwa kiasi fulani na mhariri. Mazungumzo yaliyochanganyika na mvua inayopiga bati hayana dawa, isipokuwa kuwaita waigizaji tena na kuwarekodi upya, na mwanafunzi aliyebakiza wiki 2 za muhula hana muda huo. Ndiyo maana jibu langu litakaa sana juu ya paa, kuta, milango na hewa, na kamera nitazipitia haraka.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Studio ya Thomas Edison iliyojengwa New Jersey, Marekani, mwaka 1893 ilikuwa kibanda kilichofunikwa kwa karatasi ya lami, chenye paa la kufunguka, na chote kilizungushwa juu ya njia ya duara ili kulifuata jua. Filamu zilikuwa bubu na mwanga ndio uliokuwa adimu. Filamu zilipoanza kusema mwishoni mwa miaka ya 1920, watayarishaji walilazimika kuziba madirisha na kujifungia ndani ya kuta nene. Madirisha yenu ya kuelekea ziwani ni ya enzi ile ya kwanza. Yapelekeni kwenye darasa au ofisi, mahali ambapo upepo wa ziwa na mandhari yake vitawafaa watu waliokaa kusoma.

Sasa paa. Mvua za vuli hutuanza Oktoba na za masika Machi, na mvua ya kanda yetu haiji kwa kunong'ona. Huja na ngurumo na matone mazito. Bati la geji 28 lina uzito wa kilo 3 hadi 4 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo limekaa juu ya vichwa vyenu kama ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Hata siku ya kiangazi halitulii, kwani chuma hutanuka jua linapopanda na kusinyaa linapotua, na kila mara hutoa mlio. Kuna pia kongoti wa hapa mjini, ambao hupenda kutua juu ya mapaa na kutembea huko kwa miguu mizito. Maikrofoni nzuri huwasikia wote. Bamba la zege la sentimita 15 lina uzito wa kilo 360 hivi kwa mita ya mraba, na uzito ndio unaoizuia sauti. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ukumbi wa studio ufunikwe kwa zege, na mabati yakae juu ya zege hilo kama mwavuli tu, yakiacha nafasi ya hewa katikati. Upana wa mita 9 unahitaji mihimili iliyokokotolewa na mhandisi wa majengo. Jambo hilo msimwachie fundi alikisie. Fedha zikigoma, njia ya pili ni dari ya tabaka 2 za mbao za jipsamu, zilizoning'inizwa kwa vibanio vyenye mpira, na juu yake pamba ya mawe, yaani nyuzi laini zilizotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa, ya sentimita 10. Njia hiyo hupunguza sana kelele ya mvua bila kuimaliza.

Kimo nacho ni sababu ya mimi kutopenda ghala hilo liwe ukumbi wa kupigia picha. Mita 3.2 ni kimo cha darasa. Taa za studio hutundikwa juu kwenye fremu ya mabomba, na mabomba hayo yakikaa chini ya mita 4 taa zitaingia kwenye picha kila mwigizaji mrefu anaposimama, na mwanga utawapiga watu usoni badala ya kuwashukia kutoka juu. Juu ya fremu panahitajika tena nafasi ya mifereji ya hewa. Mimi ningeliacha ghala liwe na chumba cha uhariri, stoo ya vifaa, chumba cha maleba na vipodozi, na darasa moja. Kisha ningejenga ukumbi mpya katika uwanja wa nyuma, wa mita 12 kwa 9, wenye mita 5 kutoka sakafuni hadi dari, usioshikana na ghala isipokuwa kwa ujia wa kupitia. Mkishindwa kabisa, chukueni mita 12 za ghala, mpandishe kuta juu ya mkanda wa zege, na mkubali kwamba mtakuwa na studio moja na chumba kimoja kidogo cha kuhariri.

Vipimo vya 12 kwa 9 sikuvichagua kwa kupendeza macho. Chukua kamera yenye kihisi, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, cha upana wa milimita 36, ambacho kwa picha pana hutumia kimo cha milimita 20 hivi, na uifunge lenzi ya milimita 50. Ili umpate mtu mzima kutoka kichwani hadi miguuni, na nafasi kidogo juu na chini, yaani kimo cha mita 2.2, kamera lazima isimame mita 5.5 kutoka kwake. Ukitumia ukuta wa kijani, ule ambao mhariri huuondoa na kuweka mandhari mengine, mwigizaji asimame angalau mita 2.5 mbele yake, la sivyo rangi ya kijani itamrudia shingoni na kwenye nywele, na mhariri atahangaika nayo usiku kucha. Mpiga picha na msaidizi wake wanahitaji mita 1.5 nyuma ya kamera. Jumla ni mita 9.5, na bado hujaweka unene wa vinyonya sauti ukutani. Katika chumba cha mita 6, wanafunzi wangelazimika kutumia lenzi pana zinazonyoosha pua na mabega, na wangehitimu wakidhani kwamba ndivyo filamu inavyoonekana.

Nije kwenye kuta. Ukuta wa tofali la inchi 6 uliopigwa lipu pande zote mbili hufanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani. Kuuongeza unene mara mbili, tofali likigusana na tofali, huongeza kinga kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 5 au 6 tu. Fedha ileile ikijenga kuta 2 zilizoachana kwa pengo la sentimita 10, lenye pamba ya mawe ndani, faida ni kubwa zaidi kwa mbali, kwa sababu mtikisiko wa ukuta wa nje haupati daraja la kuvukia. Neno la kushika hapo ni daraja. Miaka iliyopita nilisimamia chumba cha kurekodia katika chuo kimoja cha kanda hii. Mchoro ulikuwa sahihi, kuta mbili zilisimama, na siku ya majaribio tukasikia bajaji za nje kana kwamba ziko mlangoni. Tulitoboa ukuta na kukuta udongo wa kujengea umedondoka ndani ya pengo na kugandana, na mahali pawili mafundi walikuwa wamefunga nondo kuunganisha kuta hizo ili ziwe imara. Walitenda kwa nia njema. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuwaeleza mapema pengo lile ni la nini. Mwalimu, waite mafundi kabla ya tofali la kwanza, wapigie sauti, wagongeshe ukuta, waelewe kwa masikio yao. Fundi aliyeelewa hulinda pengo kuliko msimamizi yeyote.

Kwenu kuna jambo la pili la msingi. Mwanza tunajenga juu ya mwamba, na mwamba hupitisha mtikisiko vizuri sana. Lori lenye shehena likipita barabarani, au mashine ya kiyoyozi ikifungwa kwenye zege lilelile la ukumbi, mtetemo utapanda kwa miguu ya kuta na kutokea kwenye maikrofoni kama ngurumo ya chini. Sakafu ya ukumbi na itenganishwe na kuta zake kwa ukanda laini wa mpira pande zote, na ikiwezekana imwagwe juu ya tabaka la mpira mgumu au pamba nzito ya mawe. Kabla ya hayo yote, tegeni kinasa sauti uwanjani kwa saa 24, siku ya kazi na siku ya ibada, kisha msikilize mkiwa mmekaa kamati nzima. Malori, honi, vipaza sauti vya ibada, mbwa wa usiku, vyura wakati wa mvua: orodha hiyo itawasadikisha wajumbe wenzako haraka kuliko barua yangu.

Mlango ndipo fedha nyingi za kuta hupotelea. Piga hesabu hii mbele ya kamati. Ukuta wa mita 9 kwa 5 una eneo la mita za mraba 45, na tuseme unazuia desibeli 55. Acha chini ya mlango wa upana wa mita 1.2 upenyo wa sentimita 1 tu. Upenyo huo ni sehemu ndogo sana ya ukuta, chini ya tatu katika elfu kumi, lakini kinga ya ukuta mzima itashuka hadi desibeli 36 hivi, kwa kuwa sauti hupita pale hewa inapopita. Kwa hiyo weka milango 2 ya mbao ngumu, mizito, yenye mipira kuzunguka fremu na ukanda unaoshuka sakafuni mlango unapofungwa, na kati ya milango hiyo pawe na kijichumba ambacho mtu huingia, hufunga wa kwanza, ndipo hufungua wa pili. Upande wa uwanjani pawe na mlango mwingine mpana wa kuingizia mandhari ya maigizo. Nasisitiza upana wake, kwa sababu wanafunzi wa kando ya ziwa siku moja watataka kuingiza mtumbwi, na itakuwa aibu mtumbwi ukwame mlangoni katika jiji la Mwanza. Milango hiyo ya pande mbili itakuwa pia njia za kutokea moto ukizuka. Onyesheni mchoro kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mapema, kabla ya kuta kusimama.

Kuzuia sauti ya nje ni kazi moja, na kutuliza sauti ya ndani ni kazi nyingine, wengi huzichanganya. Ukumbi wenu wa mita 12 kwa 9 kwa 5 una ujazo wa mita za ujazo 540, na nyuso zake zote kwa pamoja ni mita za mraba 426. Lipu na sementi hunyonya asilimia 3 hivi ya sauti inayozifikia. Wallace Sabine, mwanafizikia wa Harvard aliyeanza mwaka 1895 kuchunguza kwa nini ukumbi mmoja wa mihadhara ulikuwa haueleweki maneno, alituachia kanuni nyepesi: zidisha ujazo kwa 0.161, kisha gawanya kwa eneo linalonyonya. Kwenu eneo hilo ni 426 mara 0.03, yaani 12.8, na jibu ni karibu sekunde 6.8. Muda huo ndio ambao kofi moja lingechukua kufifia ndani ya ukumbi mtupu. Neno la kwanza la mwigizaji lingekuwa bado linazunguka anaposema la kumi. Studio ya mazungumzo inataka nusu sekunde hivi, na kwa kanuni ileile mnahitaji mita za mraba 174 za kunyonya kikamilifu. Pamba ya mawe ya sentimita 10 hunyonya karibu asilimia 90 ya sauti za usemi, kwa hiyo mita za mraba 180 zitawatosha: dari nzima, ambayo ni 108, na theluthi moja ya kuta. Vinyonya hivyo wanafunzi wenu wanaweza kuvitengeneza wenyewe kwa fremu za mbao, pamba, na kitambaa cha pamba kinachopitisha hewa, nao watakuwa wamejifunza somo ambalo hakuna mhadhara ungeliwafundisha vizuri hivyo. Wavae glavu na barakoa wanapokata pamba.

Ngoma ni suala la pekee. Najua mtataka kurekodi bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, na ni haki yenu. Sauti nzito ya ngoma, tuseme ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa mita 3.4, na kinyonya chembamba hakiigusi. Acheni nafasi ya sentimita 10 nyuma ya vinyonya, wekeni vinene zaidi kwenye pembe za ukumbi, na epukeni vipimo vinavyogawanyika kwa usawa, kama 12 kwa 6 kwa 6, ambavyo hufanya noti fulani zivume na nyingine zipotee.

Viyoyozi vya ukutani viondoeni kwenye mchoro wa ukumbi. Mwanafunzi atakizima wakati wa kurekodi, joto litapanda, jasho litaharibu vipodozi, atakiwasha tena, na siku itakwisha hivyo. Mnachohitaji ni mashine moja iliyokaa nje juu ya kitako chake chenyewe, ikisukuma hewa kupitia mifereji mipana yenye pamba ndani na kona kadhaa, ili hewa itoke polepole, mita 2 kwa sekunde au pungufu. Hewa inayotembea polepole haina sauti. Wekeni vichujio vyema kwenye tundu la kuingizia hewa, maana wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda majini kama moshi hufuata taa, na wakiingia kwenye mfereji huoza humo.

Joto lenyewe mtalipunguza kwa taa. Taa 12 za zamani za wati 1,000 hula wati 12,000, yaani ampia 52 kwa umeme wetu wa volti 230, na karibu zote hugeuka joto ndani ya ukumbi. Taa 12 za LED za wati 200 hula wati 2,400 tu na kazi inafanyika. Chagueni zile zisizometameta: umeme wetu ni wa hezi 50, taa duni huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na kamera huliona hilo hata jicho lisipoliona. Wafundisheni wanafunzi kurekodi picha 25 kwa sekunde na kufungua shata, yaani pazia la kamera linalopitisha mwanga, kwa sehemu 1 ya 50 ya sekunde, na tatizo hilo kwa kawaida hutoweka.

Mhandisi wa umeme atenganishe njia ya taa na njia ya vifaa vya sauti, na afanye kazi ya ziada kwenye waya wa ardhini. Mwamba wa Mwanza haupitishi umeme vizuri, hivyo fimbo moja ya shaba iliyopigwa kwenye kijipenyo cha udongo haitoshi. Apime ukinzani wa ardhi, na usiposhuka hadi kiwango kinachotakiwa azike fimbo kadhaa zilizounganishwa mahali penye udongo wa kina. Kanda ya ziwa ina radi nyingi, na kifaa cha kuzuia umeme wa radi ni bei ndogo kuliko kamera moja. Jenereta iondoke nyuma ya ukuta. Kila mnapoongeza umbali mara mbili katika uwanja wa wazi mnapata nafuu ya desibeli 6 hivi, basi ipelekeni mita 50 na zaidi, nyuma ya mojawapo ya miamba hiyo uliyonitajia, ambayo hapo ndipo itakapowafaa.

Kuhusu kamera, kundi la wanafunzi 5 kwa kamera moja linatosha kujifunza, kwa kuwa filamu hutengenezwa na watu wenye kazi tofauti. Nunueni chache, za aina moja, zikitumia betri na lenzi zilezile, na fedha zilizobaki wekeni kwenye maikrofoni nzuri na stendi imara. Geuzeni mgawo wa kamati: sehemu kubwa iende kwenye jengo. Kamera hupitwa na wakati katika miaka michache, na chuo kitanunua nyingine. Ukuta uliojengwa vibaya mtaishi nao miaka 40. Mchoro usainiwe na mbunifu majengo aliyesajiliwa, na kabla ya wanafunzi kupeleka kazi zao hadharani mzungumze na Bodi ya Filamu, ambayo inasimamia Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976.

SWALI

Shikamoo Mama Mshauri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, Nyegezi. Chuo chetu hakina studio, ila tumeruhusiwa kutumia darasa moja nyakati za jioni. Wenzangu wamekusanya trei za mayai zaidi ya 300 ili tuzibandike ukutani kuzuia sauti. Je, zitasaidia?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Zirudisheni kwa wauza mayai. Trei ni karatasi nyepesi, na nimekwisha kueleza hapo juu kwamba kinachozuia sauti ni uzito na kuziba mianya. Trei hupunguza kidogo mng'aro wa sauti nyembamba, basi; sauti ya kiume na kelele ya barabara hupita kama hazipo. Baya zaidi ni kwamba karatasi hiyo hushika moto upesi, na ninyi mtakuwa ndani na taa na nyaya, mlango umefungwa.

Fanyeni hivi. Chagueni saa ambazo barabara imetulia. Ombeni mapazia mazito na muyatundike kwenye kamba mbele ya ukuta, yakiachana nao kwa kiganja kimoja au viwili, pande mbili zinazokutana pembeni, na mwigizaji asimame akiielekea pembe hiyo ili sauti yake imezwe kabla haijarudi. Tandikeni mazulia au mikeka minene sakafuni. Zibeni chini ya mlango kwa kitambaa kilichoviringishwa. Kisha sogezeni maikrofoni karibu na mdomo, sentimita 40 badala ya mita 2. Hatua hiyo peke yake itawafaa kuliko yote niliyotaja, nayo haina gharama. Na picha zisizo na mazungumzo mzipige nje. Mna Kisiwa cha Saanane, mna makumbusho ya Wasukuma ya Bujora kule Kisesa, mna miamba na mwanga wa saa 12 asubuhi juu ya ziwa, vitu ambavyo hakuna studio inayoweza kuvijenga. Ombeni ruhusa ya wahusika kwanza.

SWALI

Ndugu Mshauri, mimi ni mkutubi wa chuo kimoja mjini Musoma. Idara ya filamu imeanza kuniletea diski zenye kazi za wanafunzi ili zihifadhiwe maktaba. Mwaka jana diski moja iliharibika na kazi za darasa zima zikapotea. Nipange nafasi kiasi gani?

JIBU

Pole sana, Ndugu Mkutubi. Najua macho ya mwanafunzi anayeambiwa kwamba filamu yake haipo. Uliza kwanza kamera zao hurekodi kwa kasi gani. Kamera inayoandika megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa. Makundi 12, kila moja likirekodi saa 5, yatakuletea terabaiti 2.7 kwa muhula. Kila faili liwe na nakala 3, katika vifaa vya aina 2 tofauti, na nakala moja ikae jengo jingine mbali na maktaba, kwa ajili ya moto, wizi au radi. Hivyo panga terabaiti 8 na kidogo kwa muhula, na uongeze nafasi ya kupumua. Mwisho wa mwaka, idara ikuteulie kazi za kutunzwa daima, pamoja na skripti na majina ya walioshiriki. Picha ghafi za zilizobaki zifutwe baada ya mwaka mmoja, kwa maandishi yenye saini ya mkuu wa idara. Diski zikae kwenye kabati kavu, lililoinuliwa kutoka sakafuni, zikiwa na lebo ya tarehe, na kila miezi 6 uzifungue moja moja uhakikishe kwamba bado zinasomeka.